Meno ya binti yangu njiti yanamomonyoka: nilikosea wapi?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Busia, upande wetu wa Uganda, ambako nauza mchele na maharage sokoni. Binti yangu ana miaka miwili na miezi minne. Alizaliwa mimba ikiwa na wiki 30, akiwa na kilo moja na gramu mia tatu. Unyayo wake haukufika hata urefu wa kidole changu cha shahada. Tulikaa wodi ya njiti wiki sita. Siku nne za kwanza alikuwa na mpira wa kupumulia mdomoni. Akapata manjano, akalazwa chini ya taa. Tulipodhani yameisha, damu yake ikaingiwa na maambukizi. Maziwa nilikamua kwa mkono, yakapitishwa kwenye mrija matone kwa matone. Baadaye nikafungwa naye kifuani kwa leso, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka tukaruhusiwa kurudi nyumbani.

Leo anakimbia, anaongea, anagombana na kuku wa jirani. Shida ni meno.

Yalichelewa, la kwanza likatoka akiwa na miezi kumi na tatu. Ya juu ya mbele yalitoka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yana vishimo vidogo kama yamechomwa sindano. Mwezi uliopita alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha, muhogo laini kabisa, kipande cha jino la juu la kushoto kikabaki kwenye muhogo. Nilikishika mkononi nikalia. Sasa akinywa maji ya baridi anashika mdomo. Mswaki hataki kuuona.

Kila mtu ana lake la kusema. Mama mkwe anasema ni ule mumbwa, udongo niliokuwa nalamba nikiwa na mimba. Jirani anasema mtoto alikuwa na ebinyo, yale wanayoyaita meno mabaya ya ndani ya ufizi, hayakutolewa alipokuwa mchanga, ndiyo yamekula meno mengine, na anamjua mwanamke wa kuyatoa hata sasa. Katika kliniki moja ya mtaani, mtu aliyemtazama haikufika dakika moja aliniambia mbele za watu kwamba namlisha mtoto peremende, na kama nina pesa atayang'oa yote manne siku hiyohiyo. Kwingine nikaambiwa ni meno ya maziwa tu, yatadondoka, niache.

Peremende simpi. Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Tulipotoka wodini niliambiwa aongeze kilo, aongeze kilo. Nikawa namwekea uji wa sukari nyingi kwenye chupa, na usiku analala nayo mdomoni. Bado ananyonya hiyo chupa. Je, ni mimi niliyemharibu?

Niyang'oe? Na ya ukubwani yatatoka hivihivi? Nauliza pia kwa sababu nina mimba nyingine, ya miezi minne, na usingizi umenikimbia.

Mama wa njiti, Busia

*

Marahaba, binti yangu.

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye lile swali la chupa. Naanza nalo. Madoa na vishimo unavyoviona hukuvileta wewe. Vilikuwepo kabla jino halijapasua ufizi, kabla hujakoroga uji wa kwanza. Chupa ina kesi yake na nitaifikia, sitakuficha, lakini doa halikutoka kwenye chupa.

Jino hujengwa ndani ya taya, gizani, muda mrefu kabla halijaonekana. Meno ya mbele ya maziwa huanza kuwekewa madini mama akiwa na mimba ya kama miezi minne, yaani huko ulipo sasa na huyu wa pili. Magego hufuata nyuma, na kazi yote haimaliziki mpaka mtoto akaribie mwaka mmoja. Tabaka la nje, lile gumu linalong'aa, tunaliita enameli. Ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kuliko hata mfupa. Ila mfupa ukivunjika huunga, na ngozi ikikatika hufunga. Enameli haina ukarabati wa namna hiyo, kwa sababu chembe zinazoitengeneza hufa kazi yao ikiisha na jino likatoka. Ni kama mafundi wa lipu waliopiga ukuta mara moja wakahama mji. Kama mvua iliwanyeshea wakiwa katikati ya ukuta, alama ya mvua itabaki hapo.

Mvua ya binti yako ilikuwa kubwa. Kama sehemu nne kati ya tano za kalsiamu na fosforasi ambazo mtoto hupokea kutoka kwa mama yake hupita katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Yeye alitoka wiki ya 30. Wiki kumi za kupokea madini zilimpita, halafu siku zilezile mafundi wake walipokuwa kazini akawa anapigania pumzi, anapigana na manjano, anapigana na maambukizi ya damu, na tumbo lake halijajua bado kuchukua chakula. Mwili wa mtoto wa kilo moja na kitu ukibanwa hivyo unapeleka kila ulicho nacho kwenye moyo, mapafu na ubongo. Meno yanasubiri. Mahali pengine mafundi walipiga tabaka jembamba au wakaruka kabisa, ndiyo vile vishimo. Pengine walipiga unene wa kutosha lakini bila madini ya kutosha, ndiyo ile rangi ya chai, na hapo jino huwa laini kama chokaa ijapokuwa kwa macho linaonekana zima. Ndiyo maana muhogo laini uliweza kulimega.

Tunaojishughulisha na meno ya watoto tunajua jambo ambalo kila nikilikumbuka hunigusa. Meno ya maziwa ya karibu kila mtoto, hata aliyetimiza siku zake zote, yakikatwa na kutazamwa kwa darubini huonyesha mstari mwembamba sana ndani ya enameli. Ni alama ya siku aliyozaliwa. Kuzaliwa peke yake, hata kwa salama, ni mshtuko ambao jino linauandika. Sasa mwenzangu, fikiria binti yako ameandikiwa nini katika zile wiki sita.

Umesema jino lililomegeka ni la juu, kushoto. Sikushangaa. Mtoto anapowekewa mpira wa kupumulia, daktari hushika chombo cha kufungulia koo kwa mkono wa kushoto, na ufizi wa juu wa mtoto, upande wake wa kushoto, ndio unaoweza kubanwa. Chini ya ufizi ule mwembamba kuna jino linaloumbwa. Watoto wengi waliopitia mpira huo huonekana na kasoro zaidi upande huo. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa wako, kwani sijamwona. Na hata kama ndivyo, mpira huo ndio uliomfanya leo agombane na kuku. Hakuna aliyekosea hapo.

Kuhusu kuchelewa, usihesabu kuanzia siku aliyozaliwa. Toa zile wiki kumi. Jino la kwanza la miezi kumi na tatu, kwa hesabu ya siku alizopaswa kuzaliwa, ni jino la miezi kumi na nusu hivi. Hilo ni la kawaida kabisa.

Sasa chupa. Ukuta wenye lipu iliyotoboka haupigwi maji kila usiku. Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa asidi, na asidi ndiyo inayoyeyusha madini ya jino. Mchana mate huosha na kulituliza jino. Usiku mtoto akilala mate hupungua sana, ule uji mtamu ukabaki umelala juu ya meno ya mbele hadi alfajiri. Kwa mtoto mwenye enameli nzima hilo lingechukua muda mrefu kuleta shimo. Kwa wako, vijidudu vimekuta vishimo viko tayari, wakahamia. Kwa hiyo doa alizaliwa nalo kwenye jino, ila kumomonyoka kunaongezwa na chupa. Nakwambia hivi kwa sababu hii ndiyo sehemu iliyo mikononi mwako, na inaweza kubadilika kuanzia usiku wa leo.

Najua kwa nini ulifanya. Kila mama aliyetoka wodi ya njiti ana ule mzani kichwani. Ulifanya ulichoambiwa, aongeze kilo, na hakuna aliyekaa nawe kukueleza kilo zitoke wapi. Zitoke kwenye mafuta na protini. Uji wake wa mtama au mahindi utie kijiko cha siagi ya njugu au simsim iliyosagwa, maziwa yaliyochemshwa, yai lililopondwa. Mukene, yaani dagaa, waliokaushwa vizuri, wakasagwa na mifupa yao, wakachanganywa kwenye mchuzi, wanaleta kalsiamu ambayo sukari haina hata chembe. Ovakado hapo Busia huikosi. Muda wa utamu uwe wakati wa kula, mezani, si kitandani. Chupa yenyewe usiikate kwa ghafla mkalizana usiku kucha. Punguza sukari kidogo kila siku mbili tatu, kisha punguza uji, mpaka ndani yake ibaki maji matupu. Watoto wengi wakikuta ni maji wanaitupa wenyewe. Mchana tumia kikombe. Na kama anapewa dawa za maji mara kwa mara, nyingi zina sukari: mpe maji anywe baada ya dawa, na dozi ya usiku itangulie mswaki.

Mswaki anaukataa kwa sababu unamuuma, si ukaidi. Kwa hiyo nataka ufanye hivi, na hapa utahitaji mtu wa pili. Nitakwambia nani.

Kaeni watu wazima wawili mkitazamana, magoti yagusane, karibu na mlango au dirisha penye mwanga wa jua. Mtoto akae mapajani mwako akikutazama, miguu yake ikizunguka kiuno chako, kisha mlaze taratibu kinyumenyume mpaka kichwa chake kitue kwenye mapaja ya mwenzako. Wewe unamshika mikono na kumwimbia. Mwenzako ndiye anayeona mdomo. Anyanyue mdomo wa juu kwa kidole, mpaka ufizi uonekane wote. Afute meno kwa kitambaa safi kikavu, maana jino lililolowa huficha mambo. Jino likikauka ndipo doa jeupe lisilong'aa, kama chaki, linapojitokeza pembezoni mwa ufizi. Hilo ni onyo la mapema, na bado linaweza kuzuiwa. Doa la kahawia lenye shimo laini ni hatua nyingine. Kijipu kwenye ufizi juu ya jino, chenye kichwa cheupe au chekundu, ni usaha. Huyo apelekwe hospitali bila kungoja. Uso ukivimba au homa ikipanda, ni siku hiyohiyo, usiku au mchana.

Mkishatazama, msafisheni palepale. Mswaki wa mtoto wenye nywele laini kabisa, uuloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu. Dawa ya meno iwe ya floridi. Geuza boksi usome namba iliyoandikwa karibu na neno hilo, iwe 1000 au zaidi. Kiasi ni punje ya mchele, na wewe muuza mchele hutakosea kipimo hicho. Akitimiza miaka mitatu, kiwe punje ya njegere. Asisukutue kwa maji baadaye. Ateme tu, au mfute, ili floridi ibaki juu ya jino na kulikaza. Asubuhi mara moja, na usiku kiwe kitu cha mwisho kabla ya kulala. Mimi sina ugomvi na mswaki wa mti, nimekua nao, lakini kwa meno haya na umri huu tumieni wa nywele laini.

Mtu wa pili awe mama mkwe wako. Nasema hivi kwa kudhamiria. Anayesema ni mumbwa hajayaona meno haya yakiwa makavu kwenye mwanga wa jua. Ameyaona kwa mbali, mjukuu akicheka. Mpe kichwa cha mjukuu mapajani mwake, mpe kitambaa, mwambie, "Mama, nisaidie kuangalia." Na kuhusu mumbwa wenyewe: udongo si mzuri kwa mwenye mimba, unaweza kuzuia madini ya chuma yasiingie mwilini na ukaleta minyoo, kwa hiyo safari hii uache. Lakini meno yenye sura uliyonieleza, kwa mtoto wa wiki 30 aliyepitia aliyopitia, hayahitaji mumbwa ili tuyaelewe.

Nije kwa jirani, na hapa naomba unisikilize kuliko popote. Usimpeleke. Huyu usimpeleke, na atakayezaliwa usimpeleke. Yanayoitwa ebinyo, ambayo wenzetu Tanzania huyaita meno ya plastiki, si ugonjwa. Ni chonge changa za mtoto zilizo ndani ya ufizi, zinazovimbisha kidogo na kuonekana nyeupe kabla hazijatoka. Miezi hiyohiyo ndipo mtoto anapoanza kutambaa, kuokota, kula vya nje, kwa hiyo ndipo anapoharisha na kupata homa, na mara nyingi homa hiyo ni malaria. Watu wanaona mambo mawili kwa pamoja, wanaona moja ndiyo mama wa lingine. Wanachimba ufizi kwa spoki ya baiskeli, kwa msumari, kwa wembe, wanakuonyesha kitu cheupe laini kama funza. Mama anaamini, kwa sababu amekiona kwa macho yake. Kile si funza. Ni jino la mwanawe, bado bichi.

Nimewapokea watoto hao kwenye chumba cha meno, wamekuja weupe kwa kuishiwa damu, taya limejaa usaha. Pepopunda inaingia hapo, na wapo wanaokufa kwa malaria au kuharisha ambako hakukutibiwa kwa sababu nyumbani waliridhika kwamba ebinyo yametolewa. Anayepona hubaki na chonge zilizokosekana, na ile spoki ikigusa jino la ukubwani lililo chini yake au la jirani yake, jino hilo litatoka na enameli iliyotoboka. Jirani yako anataka kukutibia kasoro ya enameli kwa kitu kinacholeta kasoro ya enameli. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie.

Sasa kung'oa. Jino ling'olewe likiwa na usaha, au limeoza hadi haliponi. Rangi ya kahawia na kona iliyomegeka si sababu ya kutoa meno manne ya mtoto wa miaka miwili. Na yule aliyekwambia uache kwa kuwa yatadondoka, alisema ukweli nusu. Ya mbele yatadondoka akiwa na miaka sita au saba. Magego ya maziwa yanakaa mpaka miaka kumi, kumi na mbili. Mtoto atafunie nini miaka yote hiyo? Tena hushikilia nafasi. Yakitolewa mapema, ya ukubwani huja yakisukumana kama abiria kwenye lango la matatu. Na maumivu ya jino humnyima mtoto chakula na usingizi, yaani hizo kilo tulizozisaka kwa machozi zinaondoka tena.

Kuna mambo ya kufanywa katikati ya kung'oa na kuacha. Kuna vanishi ya floridi, inapakwa kwa brashi ndogo dakika moja, haiumi, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Ndiyo ningeanza nayo kwa binti yako, na hata ile baridi inayomchoma hupungua. Kuna dawa ya maji yenye fedha na floridi, iitwayo silver diamine fluoride, inayosimamisha uozo bila sindano wala mashine. Itageuza sehemu iliyooza kuwa nyeusi, hilo ujue kabisa kabla hujakubali, lakini nyeusi hiyo ni ngumu na imetulia. Kuna saruji nyeupe ya meno inayotoa floridi yenyewe, iitwayo glass ionomer, ya kuziba vishimo kwa vifaa vya mkono tu. Dawa hiyo ya fedha na saruji hiyo Shirika la Afya Duniani liliziingiza mwaka 2021 kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa hiyo usione haya kuziulizia kwa majina kana kwamba unaomba anasa. Magego yakija dhaifu sana, yapo ya kuvalishwa kofia ya chuma.

Nenda serikalini. Kituo cha afya cha daraja la nne huwa na afisa wa meno. Akishindwa, una hospitali ya Tororo, na ya rufaa ya Mbale si mbali nawe. Ukifika, sentensi ya kwanza iwe hii: "Mwanangu alizaliwa wiki ya 30." Ukisema hivyo mwanzoni, mtaalamu anayejua kazi yake hatakuuliza habari za peremende kwanza. Ningependa kila kadi ya njiti iandikwe: huyu aonwe na mtu wa meno jino la kwanza likitoka, au afikapo mwaka mmoja. Duniani mwaka 2020 walizaliwa watoto milioni 13.4 kabla ya wakati wao, kama mmoja katika kila kumi. Tunawapima macho, masikio, kichwa, uzito. Mdomo tunausahau mpaka mama alie na kipande cha jino mkononi.

Wasomaji wa Kisoro na Kasese, msije mkachanganya. Kule kuna maji yenye floridi nyingi kutoka kwenye miamba ya ardhi ile, nayo huacha madoa ya kahawia, hasa kwenye meno ya ukubwani, kwa watoto wa mtaa mzima, njiti na wasio njiti. Ninyi muulizeni afisa wa meno kuhusu maji yenu kwanza.

Binti yangu, meno ya ukubwani. Ya mbele huanza kuwekewa madini mtoto akiwa na miezi mitatu minne tangu kuzaliwa, na huchukua miaka. Wakati huo binti yako alikuwa ameshatoka wodini, yuko kifuani kwako. Kwa hiyo zipo sababu nzuri za kutarajia meno bora kuliko haya. Ya kuangalia kwa makini ni magego ya kwanza ya ukubwani, yanayotoka nyuma kabisa akiwa na kama miaka sita, bila jino lolote kudondoka kuyapisha. Wazazi wengi hudhani ni ya maziwa. Hayo huanza kujengwa karibu na siku za kuzaliwa, kwa hiyo yanaweza kuwa na doa. Siku yakianza kuchungulia, mpeleke yapakwe na kuzibwa mapema.

Na huyu aliye tumboni. Kuzaa njiti mara moja kunaongeza uwezekano wa kuzaa tena kabla ya wakati, lakini wengi hufikisha siku zao. Mkunga wako lazima ajue, hata kama hakukuuliza. Mahudhurio ya kliniki yanayoshauriwa sasa ni manane, usingoje tumbo lionekane na sokoni. Lala ndani ya neti, meza dawa ya kinga ya malaria kila unapoitiwa, maana malaria ya mimba hukaa kwenye kondo na kumnyima mtoto uzito. Ukisikia kuchomwa wakati wa kukojoa, usinunue dawa dukani, nenda upimwe. Hasa uepuke tetrasaiklini na dawa za ukoo wake, huingia kwenye meno ya mtoto aliye tumboni yakabadilika rangi. Fizi zako zikitoka damu, zisafishwe, ni salama ukiwa na mimba. Sikuahidi kwamba kusafisha fizi kutazuia njiti, lakini vijidudu vinavyooza meno vikipungua kwako, vitakavyohamia kwa mtoto vitapungua pia. Na tumbo likianza kukaza, au maji, au damu, kabla ya wiki 37, panda boda mara moja kwenda hospitali. Kuna sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto ambayo mama hupewa kabla ya kujifungua, na inataka muda ifanye kazi.

Kufungwa naye kifuani kwa leso, ambako wewe umetaja kwa mstari mmoja tu, kulianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipopungukiwa na mashine za kupashia watoto joto. Hadi leo ni mojawapo ya vitu vinavyookoa njiti wengi zaidi. Wewe ulikuwa hiyo mashine, mchana na usiku. Ukiulizwa tena mbele za watu umemfanya nini mtoto, anza na hilo.

Ukienda kliniki ya mimba wiki hii, beba kadi mbili, yako na ile ya wodi ya njiti, na umbebe na mtoto. Mwombe mama mkwe akusindikize. Yeye akae na mjukuu kwenye foleni ya meno wakati wewe uko kwa mkunga. Chupa ibaki nyumbani.